Matanga katika Bandari ya Shina

1

Mchoro wa kwanza wa bandari ile, wachezaji waliukataa wote kwa pamoja.

Subilaga Mwakatumbula alikuwa ameuchora kwa mapenzi. Ilikuwa kambi ya manowari za waelfi, wale watu wa hekaya wenye masikio yaliyochongoka na umri usiokwisha, na ilielea mbali angani, mahali pasipo sayari wala mwezi. Waelfi wa mchezo huu hawakufua chuma. Walipanda. Kwa hiyo aliichora bandari kama mti mmoja usio na ardhi: shina pana kama mji, matawi yaliyokuwa gati, na manowari zikining'inia kwenye matawi hayo kama mapapai, zikikomaa. Ndani ya shina hakukuwa na juu wala chini. Waelfi walielea kutoka chumba hadi chumba wakijisukuma kwa ncha za vidole.

Aliwaingiza asubuhi moja, akasimama kando akingoja sifa.

"Pazuri," alisema Mwanaidi, nahodha wa manowari ya pili, huku akijigeuza hewani na joho lake likimfuata. "Pazuri kweli. Lakini ngazi ziko wapi?"

"Ngazi za nini? Hapa hakuna uzito. Unaelea tu."

"Kuelea!" Mwanaidi aliwageukia wenzake. "Jamani, mnasikia? Mimi kule kitandani sijui kama nimelala chali au ubavu mpaka muuguzi aniambie. Mwaka wa ngapi huu naelea. Halafu mtu ananiletea pahali pa kuelea tena, ananiambia nishukuru."

Walicheka, na kicheko kile kilimwingia Subilaga vibaya, kwa kuwa hakuwa amefikiria.

Mdogo wake, Ambokile, ndiye aliyekuwa amiri wa kikosi. Alimsogelea akamwekea mkono begani. "Dada, usiudhike. Tupe uzito. Tupe ngazi ndefu mpaka tuheme. Na kule kwenye gati weka tope kidogo, mtu ateleze aanguke."

"Waelfi hawaanguki."

"Hawa wataanguka."

Watu hawa wote walikuwa wamelala katika kituo kimoja cha wagonjwa, Lwangu, juu kwenye milima ya Kipengere ambako ukungu huingia hadi wodini. Homa ya shingo iliwapata mwaka ule ilipopita nchini. Iliwaachia uhai, macho, na akili timamu, ikachukua kila kitu kuanzia kidevuni kwenda chini, na wengi wao ikawachukulia na sauti. Kila mmoja alikuwa amewekewa juu ya ubongo wavu mwembamba kuliko utando wa buibui. Mgonjwa alipotaka kuinua mkono, wavu ulilisikia lile agizo lisilofika mkononi, ukalipeleka mchezoni, na huko mkono ukainuka. Mchezo uliitwa Milki ya Majani. Wao ndio waliokuwa wahusika wake, na Subilaga alikuwa mchoraji na msimulizi: ndiye aliyejenga mahali, ndiye aliyeleta maadui, ndiye aliyesema upepo umegeuka.

Akarudi mezani kwake akaubomoa mchoro. Aliuzungusha mti mzima juu ya mhimili wake, polepole, hivi kwamba mzunguko wenyewe ulimkandamiza kila aliyesimama upande wa gome, kama maji yanavyong'ang'ania ndoo ikizungushwa kwa kamba. Sasa gome likawa sakafu, na kiini cha mti kikawa juu. Kutoka gomeni hadi kwenye kiini alichonga ngazi. Chini zilikuwa nzito, za kuvunja magoti, na kadiri mtu alivyopanda ndivyo uzito ulivyopungua, hadi kule kileleni miguu ikaiacha ngazi yenyewe. Akaweka tope.

Siku waliyozijaribu, Mwanaidi aliketi katikati ya ngazi, akashika mapaja yake kwa mikono miwili, akasema, "Yanauma. Wallahi yanauma," na akalia kwa furaha. Ambokile aliketi karibu naye, naye akihema. Tangu siku hiyo wakawa wanapanda pamoja.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Subilaga hakuruhusiwa kuigusa. Waelfi hawafi. Manowari yaweza kupasuka, kikosi chaweza kushindwa vita, lakini mtu akipigwa huzimia, akaamka gatini. Sheria hiyo iliwekwa na Daktari Hongoli, mkuu wa kituo, naye alikuwa na sababu. Kabla ya Subilaga kuja, mgonjwa mmoja alikufa na wenzake wakaambiwa. Wawili miongoni mwao walifumba macho, wakakataa kuyafumbua, na miili yao ikaanza kukirudisha chakula cha mrijani. Waliondoka mmoja baada ya mwingine, na daktari aliyewapima hakuona ugonjwa mpya.

2

Mapafu ya Ambokile yalianza kushindwa wakati mahindi ya bondeni yalipokuwa yakitoa mbelewele. Kitandani mashine ndiyo iliyompumulia, na yeye hakuweza hata kukunja uso. Bandarini alikuwa vilevile, mrefu, mwenye koti la kiamiri la rangi ya majani mabichi. Kwa hiyo ni huko alikomwita dada yake, kwenye gati la nje, ambako manowari changa zilikuwa bado na maua.

"Umeongea na Hongoli?" aliuliza.

"Nimeongea naye."

"Basi tusizunguke. Nikifa, kiacheni kivuli changu kishike zamu."

Subilaga alijua anachokisema. Wavu husikiliza. Kwa miaka yote ile mitambo ya mchezo ilikuwa imejifunza jinsi kila mmoja anavyochagua maneno, anavyokasirika na anavyonyamaza. Mgonjwa alipopitiwa na usingizi au alipokuwa akioshwa, kivuli chake kilimshikia nafasi kwa dakika chache ili mchezo usikatike, na mwenyewe aliporudi aliyakuta ya kivuli yamekuwa kumbukumbu zake. Hakuna aliyewahi kutofautisha. Lakini kilitengenezwa kwa ajili ya kuoga na kusinzia. Hakuna aliyekitengeneza kwa ajili ya kifo.

"Unataka nimdanganye Mwanaidi?"

"Nataka umwachie mtu wa kupanda naye ngazi."

"Hatakuwa mtu, Ambo."

"Dada, yule mwanamke hana mwingine. Kwao Pangani walikufa wote na homa ileile. Anaamka asubuhi kwa sababu nipo. Akiambiwa nimekufa, atafumba macho kama wale wawili. Wewe unamjua. Hafanyi kitu nusu." Alivunja ua la manowari, akalizungusha kati ya vidole. "Miili yetu imetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Wodi ya wanaume, wodi ya wanawake. Sijawahi kumwona uso wake halisi. Sasa kama hajawahi kuuona wangu, atapungukiwa nini?"

Subilaga alimtazama mdogo wake aliyemlea mgongoni, aliyekuwa amevaa masikio marefu ya kijinga, akiomba kama anavyoomba mtu anayekufa.

"Nimekusikia," alisema.

Kwao, aliyemwambia mgonjwa maneno hayo amekwisha kukubali. Ambokile akashusha pumzi, akamshukuru.

3

Walimzika nyumbani, chini ya mlima Rungwe, siku ya mvua. Mama yao, Bi Tusekile, aliushika mguu wa marehemu mpaka jeneza lilipofunikwa, na alilia hadi sauti ikamkauka kabisa, akawa anafungua kinywa hakitoki kitu.

Subilaga alirudi Lwangu matanga yakiwa hayajaanuliwa. Alijiambia ni kazi. Alipoingia bandarini alimkuta kwenye ngazi, koti lake lilelile la majani mabichi, akiwa na ramani ya vita mikononi.

"Dada! Umepotea. Ulikuwa wapi?"

Alikuwa amejiapia kusema "kile". Kivuli hiki, kile, kimesema, kimeuliza. Njiani kote alijizoeza. Lakini ulimi ulipofunguka haukumtii.

"Nilikwenda nyumbani kidogo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ila sauti imemkauka."

"Mwambie achemshe tangawizi. Na wewe umekonda. Njoo uone, Lutengano ametega mizinga yake yote upande mmoja, ukimwuliza anasema ndivyo walivyofanya babu zake wa kielfi."

Lutengano, mpiga mizinga wa kikosi, aliitikia kwa matusi kutoka chini ya ngazi. Mwanaidi akacheka. Na yeye, yule aliyekuwa amezikwa, akacheka pia, kwa kicheko chake chenye mkwaruzo mwishoni.

Subilaga alitoka humo bila kuaga. Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Hakikupungua kitu. Angetamani kipungue, neno lipotee, mzaha urudiwe mara mbili, apate kusema: tazama, si yeye. Lakini alikuwa yeye kila siku, na kila alipotoka Subilaga alijikuta amepoa, amepata nguvu ya kula. Mama yake alimpigia simu, sauti ikiwa imeanza kurudi.

"Mwenzetu naona umeshapoa, Subi. Bwana amekusaidia."

"Ndiyo, mama," alisema, na aibu ikamshika mpaka akaketi sakafuni.

4

Masika yalipokaribia kwisha, Daktari Hongoli alimwita ofisini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta la sufu lililoliwa viwiko, na hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Kuna madaktari wa upasuaji Dodoma wanaunganisha mishipa ya fahamu upya," alisema. "Si kwa kila mtu. Hapa kwetu nimewapima wote, na mishipa iliyo hai bado ni ya Mwanaidi peke yake. Ya mikono. Lakini inakufa. Ikifika kiangazi itakuwa imekufa."

"Mungu mkubwa. Ameambiwa?"

"Ameambiwa. Amekataa." Hongoli alivua miwani. "Upasuaji unahitaji wavu utolewe, na ukitolewa haurudishwi. Hataingia mchezoni tena maisha yake yote."

Subilaga hakungoja asikie zaidi. Aliingia bandarini, akamkuta Mwanaidi ameketi juu ya tawi la gati, miguu ikining'inia juu ya nyota.

"Wifi yangu huyo!" Mwanaidi aliita. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Njoo ukae. Nina shida na wewe. Nataka unichoree nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya watu wawili. Ambokile ameniposa jana. Nikamwambia sina wazee wa kumpokelea posa, akasema hata yeye wa kuileta ni wewe tu, basi wewe utaileta na wewe utaipokea." Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nataka iwe na jiko la nje. Na mlango uwe mfupi, mtu ainame."

"Mwanaidi, daktari ameniambia habari za Dodoma."

Kicheko kikakatika. "Na wewe umetumwa?"

"Ni mikono yako."

"Mikono gani, wifi? Hii?" Alimwonyesha viganja vyake vya kielfi, virefu, vyenye tope la gatini. "Hapa nina mikono, nina miguu, nina mume. Kule wananiahidi nini? Labda nitashika kijiko. Nishike kijiko nikiwa peke yangu, na yeye abaki huku ananingoja kwenye ngazi? Wewe ungekwenda?"

Subilaga aligeuza uso, akasema macho yanamwuma kwa mwanga.

Alirudi ofisini bila kubisha hodi. "Nitamwambia."

Hongoli alimsogezea kiti. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani.

"Keti," alisema. "Ukimwambia, huenda akafumba macho. Niliwaona wale wawili. Nilikaa nao, nikawabembeleza kama watoto. Sitaki kuona tena."

"Na nisipomwambia?"

"Atabaki hai. Atakuwa na furaha."

"Furaha ya kuolewa na nani, daktari?"

"Ni wasia wa ndugu yako. Uliukubali."

"Niliukubali kabla ya mikono hii kujulikana. Na yeye aliusema kabla ya kuijua."

"Marehemu haulizwi mara ya pili," alisema Hongoli kwa upole. "Hilo ndilo tatizo la marehemu. Mimi sitakuzuia, Subilaga. Lakini akifumba macho, tutakuwa wawili wa kukaa naye. Usinikimbie."

5

Hakumwambia mchezoni. Alikwenda wodini, saa ambayo wauguzi hufungua mapazia, akavuta kiti. Mwanaidi halisi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele zilizosukwa na wauguzi mistari isiyolingana. Macho yake tu ndiyo yaliyomgeukia. Sauti yake ilitoka kwenye spika ndogo iliyounganishwa na wavu, kando ya mto.

"Wifi, leo umekuja kwa miguu? Kuna nini?"

Subilaga aliushika mkono wake, akijua hausikii.

"Ambokile amefariki, Mwanaidi."

Macho ya Mwanaidi yalimchunguza usoni.

"Nimetoka naye sasa hivi," spika ilisema. "Tumeachana gatini."

"Yule ni kivuli. Ambokile alifariki mahindi yakiwa bado machanga. Tulimzika kwetu. Yeye mwenyewe aliomba usiambiwe, nami nikamkubalia."

Matone ya ukungu yaliteremka kwenye kioo.

"Siku ya mazishi mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Mlikuwa mnaizingira ngome ya Majitu. Mlishinda."

"Nakumbuka. Alinibeba mabegani." Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni, na Subilaga akayafuta kwa kanga yake. "Kwa hiyo siku mnamzika mimi nilikuwa juu ya mabega yake, nacheka. Mmemzika mtu wangu na mimi nacheka, Subilaga."

Hakumwita wifi.

"Mvua ilinyesha?" aliuliza baadaye.

"Ilinyesha."

"Mama alikuwepo?"

"Alimshika mguu mpaka mwisho."

"Watu walikuwa wengi? Mlipika nini?"

Subilaga alimsimulia kila kitu, ndizi zilizopikwa na waliozimenya, nyimbo, mchungaji aliyeteleza kwenye udongo, jirani aliyezimia. Mwanaidi alikuwa akiuliza na kuuliza, hakutaka kuachiwa hata dogo. Kisha akafumba macho. Subilaga alimwita, hakuyafumbua. Muuguzi alikuja, Hongoli akaja, akavuta kiti cha pili. Walikaa hivyo kutwa nzima, wakimwona akipumua.

Kesho yake saa ya chai alifumbua.

"Nataka wote waambiwe," spika ilisema. "Na nataka matanga. Kule kule, bandarini. Mwelfi hafi, sijui nini, sheria yenu hiyo muifute. Nataka mikeka."

6

Subilaga alichora mikeka. Alichora masufuria na mafiga, na moshi wenye kuumiza macho, kwa sababu Mwanaidi alisema matanga bila moshi ni mkutano. Aliyaweka chini ya ngazi, mahali penye uzito kuliko pote. Wachezaji walikuja na majoho yao marefu, wakaketi chini. Wengine walilia sana. Lutengano hakulia. Aliketi amekumbatia magoti, akiuangalia moto usiochoma.

Hakuna aliyemfikiria yule mmoja. Au labda kila mmoja alimfikiria, akamwachia mwenzake kusema.

Alitokea gatini kama kawaida, koti lake la majani mabichi likiwa wazi kifuani. Aliwaona wameketi, akapunguza mwendo. Alivua viatu pembeni mwa mkeka kama alivyofundishwa na mama yake, akainama, akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja.

"Poleni, jamani. Poleni sana." Alichuchumaa kando ya Mwanaidi. "Tumefiwa na nani?"

Moto ulilia. Subilaga alifungua kinywa, lakini Mwanaidi alimtangulia.

"Na wewe," alisema. "Tumefiwa na wewe, Ambokile."

Alianza kucheka. Akatazama nyuso zile, kicheko kikamfia. "Dada?"

"Ni kweli. Ulituomba tusimwambie. Nikakubali."

Aliketi chini, taratibu, kama mtu mzee. Akavitazama viganja vyake, akavigeuza. "Sikumbuki kufa."

"Hukufa wewe. Alikufa..." Subilaga alishindwa kulimaliza.

"Ndiyo maana mama sauti ilimkauka." Alitikisa kichwa. "Na mimi nikasema achemshe tangawizi. Sasa mimi ni nani?"

"Sijui, Ambo."

"Hujui, na wewe ndiye mchoraji?" Hakusema kwa hasira. Alimgeukia Mwanaidi. "Kwa nini wamekwambia leo?"

Mwanaidi alimweleza habari za Dodoma, mikono, na wavu. Alimweleza kwamba alikuwa amekataa. Mwenzake alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Ungeiacha mikono yako kwa ajili yangu?"

"Ningeiacha."

"Mimi nilidhani nakuachia kitu," alisema. "Kumbe nilikuwa nakunyang'anya."

Hapo ndipo Lutengano alipolia, kwa sauti kubwa, ya mtu mzima, na wenzake wakamshika.

Yule aliyekuwa Ambokile aliomba jambo moja tu: akae nao mpaka matanga yaanuliwe. Hawakumkatalia. Aliketi na wafiwa wake akasikiliza watu wakimsema, mazuri yake na ukaidi wake, na mara mbili aliwasahihisha. Alikula nao. Mikeka ilipokunjwa, alisimama akajifunga koti.

"Nisindikize," alimwambia Mwanaidi.

Walipanda pamoja. Subilaga aliwafuata kwa macho kutoka chini. Aliwaona wakihema kwenye zile za kuvunja magoti, wakapumzika walipozoea kupumzika, wakaendelea. Uzito ulianza kuwaachia. Hatua zikawa ndefu, kisha zikawa za kugusa tu, na karibu na kiini miguu yao ikaiacha ngazi. Waliyoambiana huko Mwanaidi hakumsimulia mtu. Alishuka peke yake, akijivuta kwa mikono ukutani, na alipofika penye uzito alimtazama Subilaga akatikisa kichwa kumkubalia. Subilaga akamzima ndugu yake.

7

Bandari haikuwa ile tena. Wapo walioendelea kucheza, wakisema afadhali kujua. Lutengano hakurudi. Alisema mizinga imemchosha, kisha akasema na maneno yamemchosha, na kipupwe kilipokuja juu ya Kipengere alifumba macho. Subilaga na Hongoli walikaa naye zamu kwa zamu, wakambembeleza, na hakufumbua. Hakuna aliyeweza kusema kwamba angeishi kama asingeambiwa. Hongoli hakulisema, na hilo lilikuwa zito zaidi kulibeba. Safari hii wagonjwa wote waliitwa, vitanda vikasukumwa hadi uani, wakamuaga.

Mwanaidi alikwenda Dodoma. Wavu ukatolewa. Mkono wa kulia haukurudi. Wa kushoto ulirudi kidole gumba na vidole viwili, vikitetemeka, na sauti yake, bila wavu na spika, ikawa mnong'ono ambao ilibidi mtu ainame kuusikia.

Alipopata nafuu ya kusafiri, Subilaga alimpeleka Rungwe kwa kiti cha magurudumu. Magurudumu yalizama udongoni, majirani wakakibeba kiti hadi kwenye kaburi. Bi Tusekile alikuwa akingoja hapo, kanga mbili mabegani. Hakujua awaite nini watu wawili waliooana mahali pasipokuwepo. Alimtazama mwanamke yule mdogo kwa muda, akamsogelea.

"Wewe ndiye Mwanaidi?"

Mwanaidi akanong'ona. Bi Tusekile akainama.

"Anasema hakuwahi kumwona uso," alimwambia Subilaga. "Anauliza alifananaje."

"Mwambie wewe, mama."

Bi Tusekile alipiga magoti kando ya kiti, nguo zake zikaingia matopeni, akaanza kumweleza. Pua ilikuwa ya baba yake. Hapa juu ya jicho alikuwa na kovu, aliangukia jembe akiwa mtoto. Meno ya mbele yameachana. Mwanaidi alisikiliza huku akiinua mkono wake wa kushoto, kwa shida, na vile vidole vikatembea hewani mbele yake, vikishuka puani, vikipanda juu ya jicho, vikitafuta kovu.

"Hapo," alisema Bi Tusekile. "Hapo hapo, mwanangu."